Patupu Katikati ya Mlango wa Kanisa

Jumamosi, kesho ni Jumapili ya Matawi.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika ghafla saa sita, na sasa Kasongo nzima inanuka udongo na majani mabichi. Mikono yangu inanuka mawese. Kucha zangu zina rangi ya kahawia ambayo sabuni imeshindwa kuitoa, na bega la kulia linauma hata kubonyeza simu ni kazi. Nimekaa barazani kwa mapadri, huku juu kilimani, ndipo mtandao unapopatikana kidogo.

Leo nina jambo la kukiri, na mimi si mtu wa kukiri kwa urahisi. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanajua. Nikikosea hesabu ubaoni nawaambia nilitaka kuona nani yuko macho.

Safari hii sikuwa ninampima mtu yeyote. Nilikosa.

Kwa ninyi mnaosoma kutoka mbali: parokia yetu iko juu ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kasongo. Unapanda kati ya mikaratusi, unapita shimo kubwa lenye maji ambamo bata wanaogelea, kisha unaliona kanisa. Lile shimo ndiko ulikotoka udongo wa matofali yote. Kilima kilichimbwa tumbo ili kanisa lisimame kichwani pake. Nimepita hapo maisha yangu yote na sikuwahi kuwaza ni watu wangapi walipanda na udongo ule vichwani.

Kuta ni nene kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Nyuma ya sakristia, chumba anachovalia padri mavazi ya misa, kuna tofali lenye alama za vidole vinne na gumba lake. Mtu alilishika likiwa bichi, labda lilitaka kumponyoka, halafu likaingia tanuri na alama zake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natia vidole vyangu humo, vinapwaya. Sasa vinaenea sawasawa.

Na kuna mlango.

Mlango wetu ni wa mvule, mbao mbili kubwa zinazokutana katikati, zimechongwa kuanzia juu mpaka chini. Maua, minyororo, makuti, mistari inayokwenda kama maji ya mto Lualaba yakitulia. Katikati kabisa, nusu huku na nusu kule, pana mraba usiochongwa kitu. Mlango ukifungwa, mraba unatimia. Ukubwa wake ni kama sinia la kulia wali. Utotoni tuliambizana kwamba fundi alikufa kabla ya kumaliza, na tulikuwa tunaogopa kupagusa.

Sasa nikubali niliyoyafanya.

Kesho parokia inafanya yubile yake ya kuadhimisha kuanzishwa, na Askofu anakuja. Mimi ni katibu wa kamati. Nimepewa kazi mbili: kuandika historia ya parokia itakayosomwa mbele ya watu, na kutengeneza uso wa kanisa upendeze. Historia niliiandika kwa siku moja, kwa majivuno, bila kumuuliza mtu. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba kanisa hili lilijengwa na mapadri waliotoka Ulaya. Uso wa kanisa nao niliushughulikia kwa haraka ileile. Kuta zikapakwa chokaa. Mlango nikaona umekuwa mweusi, unateleza mafuta, nikasema unatia aibu. Nikaagiza rangi ya mafuta, ile ya kahawia inayong'aa.

Aliyepaka ni Bahati, kijana wa kutoka Bukavu aliyekuja huku kutafuta dhahabu, akachoka na mashimo, sasa anapaka nyumba za watu. Ijumaa ya wiki iliyopita alifika katikati ya mlango akasimama na brashi mkononi.

"Madamu, na hapa katikati tutie nini? Iko bule tu."

"Tia musalaba," nilimwambia. "Wa manjano, uonekane toka mbali."

Akautia. Ulionekana kutoka mbali. Nilipiga picha, nikaiweka hapa kwenye blogu, na baadhi yenu mkanipongeza. Sikuona hata kwamba kila mlango ukifunguliwa msalaba unapasuka vipande viwili.

Jumanne akaja Mzee Asumani.

Nilikuwa namjua kwa sura. Ni mzee mwembamba, kofia nyeupe, macho yameanza kuingia ukungu. Kila mwaka, katika wiki ya kabla ya Matawi, anaonekana hapa kilimani siku moja na bati lake la mafuta, anasuguasugua mlango, anaondoka. Huja siku za kazi, mimi nikiwa darasani, namwona kupitia dirisha la shule iliyo jirani na kanisa. Nilidhani ni mtu wa vibarua, mkristo wa zamani labda. Kofia niliiona, lakini hapa Kasongo kofia wanavaa wengi. Mtu anaweza kuona kitu miaka yote na asikione.

Jumanne masomo yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa nje, nafagia ngazi za kanisa. Alishuka kwenye moto, ndivyo tunavyoita pikipiki huku, binti yake Zaina akamshika mkono mpaka mlangoni. Akanyoosha kiganja, akagusa ubao. Nikaona uso wake unabadilika. Kiganja kikaenda taratibu juu ya maua, kikashuka kwenye minyororo, kikafika katikati. Hapo kikasimama. Alipapasa msalaba ule kwa ncha za vidole, akifuata kingo za rangi, juu, chini, kulia, kushoto.

"Mulisha kumaliza," alisema.

Nikajibu kwa furaha, Mungu anisamehe: "Ndiyo, Mzee! Umependeza, siyo?"

Aliinama, akaliweka bati lake chini ya mlango, akamwambia Zaina waende. Zaina aliniambia tu kwamba wametoka kwao Wamaza tangu alfajiri, na Mzee amefunga, maana mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani yao zimeangukia pamoja. Hata kivulini hawakukaa. Moto ikashuka kilima, na mimi nikabaki na ufagio.

Nilifungua lile bati. Ndani mlikuwa na mawese yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, mekundu, yanayonuka vizuri. Mtu wa vibarua haji na mafuta ya namna hiyo.

Nilimuuliza Padri. Alikuja kwetu mwaka jana tu, hajui. Katekista wetu wa zamani, aliyekuwa anajua kila kitu, tulimzika wakati wa mavuno ya mpunga. Padri akanifungulia kabati la chuma na kunitolea daftari kubwa ambamo mapadri wa kwanza waliandika mambo ya kila siku kwa Kifaransa. Mchwa wamekula kona zake. Jumatano baada ya masomo nilikaa nalo mpaka giza. Waliandika mvua, homa, watu waliobatizwa, chui aliyeiba mbuzi. Nilitafuta mlango. Ulikuwa umepewa mstari mmoja: leo mlango umetiwa mahali pake.

Fundi hakupewa hata jina.

Nikafunga daftari. Yule chui alikuwa na mistari minne.

Alhamisi niliomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, nikachukua moto kwenda Wamaza. Njia hiyo mnaijua mnaoijua. Matope mpaka magotini, daraja la magogo ambalo unashuka na kuvuka kwa miguu huku ukimwomba kila mtakatifu unayemkumbuka. Nilifika adhuhuri nimejaa udongo mpaka kwenye nywele. Zaina ndiye aliyenipokea. Alinitazama kidogo, akaniletea maji ya kunawa, halafu akanipakulia wali na sombe ya majani ya muhogo, wao wote wamefunga. Nilikataa. Akasema mgeni hafungi kwa ajili yao, nile.

"Baba toka arudi hasemi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hata futari anakula kidogo tu."

Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilikaa chini mbele yake. Mimi mwenye mdomo wa kufokea watoto arobaini nilianza na habari za njia.

"Mzee, nimekuya kuomba pole," nilisema mwishoni. "Miye ndiye nilisema watie ile rangi."

"Na musalaba?"

"Na musalaba pia."

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Sikukasirika, madamu," alisema. "Niliwaza tu, basi, walisha kupata mutu mwingine."

Nadhani angenitukana ningepata nafuu.

Kisha akanieleza, na ninayaandika haya kama nilivyoyasikia, maana hayako kwenye daftari lolote.

Babu wa baba yake alikuwa fundi seremala wa Kasongo, mwislamu, mtoto wa wale waliokuja na misafara ya zamani na wale waliokutwa hapa. Mapadri wa kwanza walipofika walikuwa wamevaa kanzu nyeupe, tasbihi shingoni. "Babu alizania ni waislamu wenzake," Mzee alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Akawapa salaam! Nao wakaitika." Ndivyo walivyojuana. Walipotaka mlango walimwendea yeye, kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine kama wake mpaka Kabambare.

Alichonga muda mrefu. Ikabaki katikati. Padri akamwambia hapo atie msalaba.

"Babu alisema: Padri, mukono yangu haiwezi kuchonga ile. Lakini sitaki mutu mwingine aingize patasi katika mulango yangu. Sasa tufanye nini? Padri akaenda kuwaza siku tatu. Halafu alikuya, akasema: Acha pale wazi."

"Pale wazi tu?"

"Wazi tu. Babu akafurahi, akasema: Basi na miye nitaupakaa mafuta kila mwaka, mbele ya sikukuu yenu, mpaka nife. Alipokufa, mutoto wake akaendelea. Halafu baba yangu. Halafu miye."

Niliketi pale mkekani nikawaza. Padri yule angeweza kuita seremala mwingine. Angeweza kupigilia msalaba wa chuma baada ya fundi kufa, nani angemzuia? Na waliomfuata, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja angeweza. Hakuna aliyefanya. Wote waliupita ule mraba kila asubuhi wakaenda kusoma misa, na wakauacha. Ahadi ya watu wawili imelindwa na watu ambao hata sura za wale wawili hawakuziona.

Mpaka nilipokuja mimi na kopo la manjano.

Lakini alikuwa hajamaliza. Aliniuliza kama nimewahi kuutazama mlango upande wa ndani. Nikamwambia nimeutazama tangu nilipobatizwa. Upande wa ndani ni mbao tupu, umejaa mikwaruzo, mirefu, inayokwenda huku na huku. Mama yangu alikuwa akisema ni utundu wa watoto wa katekisimu.

"Hapana," alisema Mzee. "Ile ni mupunga."

Wakati wa maasi yaliyofuata uhuru, askari walilala kanisani. Walipikia mabenchi, wakiyafanya kuni. Walipikia meza ya sakristia na milango ya nyumba ya mapadri. Mapadri walikuwa wamekimbia. Mzee Asumani alikuwa kijana mwenye nguvu za kubeba. Siku moja, askari wakiwa wamekwenda kutafuta chakula mbali, baba yake aliwaita ndugu zake na yule katekista, aliyekuwa kijana pia. Wakapanda kilima mchana kweupe, wakang'oa mlango, wakashuka nao mabegani kama mnavyombeba mgonjwa. Wakaulaza uani kwao juu ya mikeka, maua yakitazama chini. Juu yake wakamwaga mpunga, wakaanza kuuanika.

Askari walirudi, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakitafuta kuni. Waliingia ule ua. Waliona mama mmoja anageuza mpunga kwa jembe bovu lisilo na mpini. Mmoja aliomba mpunga, wakampa, alichota mwenyewe kwa sahani yake ya bati akikwangua mpaka chini. Akashukuru, akaenda zake.

"Miezi yote ile," alisema Mzee, "tuliufunika na mupunga. Mupunga ukikauka tunatia mungine. Mama yangu alisema hajawahi kuwa na mupunga mukavu vile."

Vita vilipotulia waliurudisha kilimani. Baba yake akaupaka mafuta siku hiyohiyo, ingawa haikuwa wiki ya Matawi.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Maisha yangu yote nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu huwa nachelewa, na mahubiri yakiwa marefu nimefuata mikwaruzo ile kwa macho, mmoja baada ya mwingine, nikiwalaumu watoto.

"Lakini Mzee, kwa nini hamukutuambia?"

"Katekista wenu alijua. Mapadri wa zamani walijua." Alinigeuzia yale macho yenye ukungu. "Na weye, madamu, uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza.

Nilimwomba aje. Nikamwambia tutaitoa rangi yote kabla ya Jumapili. Alisema njia ni mbaya na mgongo wake umechoka. Nikalala kwa Zaina, na Ijumaa alfajiri nikapanda moto kurudi. Tulikuwa tumekwisha kuvuka lile daraja la magogo nilipokumbuka kwamba nimemuuliza kila kitu isipokuwa jina la yule fundi.

Jana mchana niliita kamati. Niliwaambia yote, na kosa langu nikaliweka mbele. Hapo ndipo shida ilipoanza, na siwezi kuwalaumu. Kuondoa rangi, sawa. Lakini kukwangua msalaba, tena siku mbili kabla ya Matawi, tena sisi wenyewe? Mama Veronika, kiongozi wa akina mama, alisimama.

"Mutashika kisu, mukwangue musalaba wa Yesu kwa mulango wa kanisa? Miye siwezi. Sitaweza hata kutazama."

Padri akanyanyuka, akatoka nje, nasi tukamfuata. Alifika mlangoni, akapiga goti kama tunavyofanya Ijumaa Kuu, akaubusu ule msalaba wa manjano. Kisha akamnyooshea mkono Bahati, niliyemwita aje na vipande vya chupa vya kukwangulia, akapokea kimoja, na akakwangua wa kwanza.

"Yesu hawezi kukosa mahali," alisema, bila kugeuka. "Lakini ahadi ya mutu ikivunjika, ni sisi tuliivunja."

Mama Veronika akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kufuta unga wa rangi nyuma ya mkono wa Padri.

Tumekwangua jana mpaka giza, na leo tangu asubuhi, mvua ikitupigia mgongoni. Bahati ndiye aliyetufundisha: kipande cha chupa kwenye ubao laini, msumari uliofungwa kitambaa kwenye maua. Hakuomba chochote. Alisema angejua asingepaka, na nikaona aibu yangu ikimwangukia yeye bure. Kazi hiyo ilinipeleka karibu na mlango kuliko nilivyowahi kufika. Chini ya kila ua kuna kaua kadogo zaidi, kamefichwa ndani kabisa, ambako huwezi kukaona ukiwa umesimama. Fundi alikachonga kwa ajili ya nani? Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngazi zilizolowa, pua imegusa ubao, na nikajikuta nazungumza kwa kunong'ona.

Saa nane rangi ilikuwa imetoka, karibu yote. Mlango ulikuwa wa kutisha. Ubao umepauka, umejaa michubuko, na ule mraba wa katikati ni mweupe kuliko pengine pote. Nikawaza Askofu anafika asubuhi na nimemwandalia mlango wa gofu la nyumba.

Saa tisa nikasikia moto inapanda.

Alishuka polepole, Zaina akimshika. Tulisogea pembeni wote, hata Padri. Mzee akanyoosha kiganja. Akaanza juu, kama Jumanne, akashuka.

"Rangi iko ingali ndani ya maua," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Haikutoka yote."

"Itatoka. Mwaka kwa mwaka."

Hapo nikajua kwamba kuna mwaka ujao.

Kiganja kikafika katikati. Kilikaa hapo muda mrefu. Kisha akaniita, akamwambia Zaina alete bati, lilelile aliloliacha, nililokuwa nimelihifadhi sakristia. Akachovya kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia mkononi mwangu.

"Hapa, weye ndiye utapakaa."

Sikuamini. Nilimtazama Padri, Padri akatazama chini. Nikapaka. Ubao ulikunywa yale mafuta kama mtu aliyefunga kutwa, nikachovya tena, ukanywa tena, na taratibu rangi ikarudi, nyekundu, halafu nyeusi yenye joto. Sikuchora kitu. Nilizungusha mkono tu, kama alivyonielekeza, nikihakikisha sikuacha alama yoyote. Sijawahi kuwa mwangalifu hivyo katika jambo lolote, hata siku ya ndoa yangu. Nilihisi wote waliopita hapo kabla yangu wakinitazama mkono, mapadri na mafundi, na sikuogopa. Nilijaa kitu ambacho hapa kilimani kwa kawaida nakisikia siku ya Pasaka peke yake.

Mzee na Zaina wakapaka yaliyobaki. Zaina anapaka vizuri, mikono yake inajua. Nikauliza swali langu wakati huo, nisije nikalisahau tena.

"Mzee, yule fundi aliitwa nani?"

Akaacha kusugua.

"Hamisi," alisema. "Hamisi, mutoto wa Sudi." Halafu, akisugua tena: "Hakuna mukristo aliuliza mbele yako, tangu yule katekista."

Jua lilipozama, adhana ikapanda kutoka misikiti ya mjini, mmoja ukianza na mwingine ukidaka. Mama Veronika akatoka na jagi la maji ya tangi la parokia, akaenda moja kwa moja kwa Mzee, akampigia goti, akampa. Mzee akafuturu palepale kwenye ngazi za kanisa. Chini yetu akina mama wengine walikuwa wanarundika makuti ya mchikichi kwa maandamano ya kesho. Mafuta ya mlangoni na matawi ya mikononi, vyote vimetoka kwenye mti mmoja, na hilo pia sikuwa nimeliwaza.

Padri alimkaribisha kesho, akasema atamwekea kiti mbele, karibu na Askofu. Mzee akatikisa kichwa.

"Nitasimama inje, pale mulangoni," alisema. "Ndiyo fasi yetu."

Sasa yuko nyumbani kwangu na Zaina, wanakula. Mimi nimebaki huku kidogo. Nimelitoa lile daftari kubwa kabatini, Padri ameniruhusu. Pale penye mstari mmoja wa mlango, pembeni, mahali ambapo mchwa hawakufika, nimeandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Fundi ni Hamisi, mwana wa Sudi, wa Kasongo.

Kisha nimefungua hotuba yangu ya historia na kufuta sentensi ya kwanza. Mpya nimeianza mara tano, bado haijakaa. Najua tu kwamba nitakapokuwa naisoma nitakuwa nimesimama nje na watu wote, matawi mikononi, mlango ukiwa bado umefungwa, na mbele ya mlango mzee mmoja wa kofia nyeupe amesimama mahali pake. Askofu atamwuliza Padri yule ni nani, na mlango ule ni kazi ya nani. Padri atanitazama mimi.

Safari hii nitakuwa na jina la kumwambia.